Barua ya Wazi: Futeni Kisanduku cha "Malezi" Kwenye Fomu Zenu

Kwa wakuu wa elimu, wa afya na wa ustawi wa watoto,

YAH: WATOTO WA MIAKA 9 HADI 12, NA WAZAZI MNAOWAITA PALE TU MAMBO YANAPOHARIBIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa, na ni mama wa watoto watatu. Wa kati ana miaka 11. Rika hilohilo ndilo ninalolifundisha, darasa la tano na la sita, huu mwaka wa 14. Kwa hiyo asubuhi nashinda na 40, jioni narudi kwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayenitoa jasho zaidi. Nimeona niseme hilo mapema ili msije mkadhani mnaandikiwa na mtu ambaye kwake mambo ni shwari.

Nawaandikia kwa habari ya fomu. Mnaijua, maana ilitoka kwenu: ukurasa mmoja wa kumpeleka ofisi ya ushauri mtoto mwenye matatizo ya tabia. Juu kuna jina, umri na darasa. Katikati kuna mistari minne ya kueleza alichofanya. Chini limeandikwa neno "Chanzo", na mbele yake visanduku vinne: Afya, Uwezo wa kujifunza, Marafiki, Malezi. Mwalimu anaweka alama ya vema kwenye kimojawapo, anasaini, anapeleka.

Kwa miaka mingi nilikuwa naweka alama kwenye kisanduku cha nne bila hata kukaa chini. Aliyempiga mwenzake, malezi. Aliyetukana, malezi. Anayelia kila akiulizwa swali, malezi. Au siku nikiwa na huruma, afya. Daftari 40 zilikuwa zinanisubiri, na neno lile lilikuwa na faida moja kubwa: likishaandikwa, mimi nimetoka kwenye kesi.

Aliyenifanya niache ni mvulana mmoja wa miaka 11. Alichana daftari la mwenzake, akachana na lake, kisha akaipiga meza teke mpaka mguu mmoja ukalegea. Nikajaza fomu. Barua ya wito ikaenda nyumbani. Baba yake akaja asubuhi akiwa na nguo za kazi, kofia mkononi. Nikampa kiti kilichokuwa karibu, kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Nikamsomea makosa ya mwanawe moja baada ya jingine, mlango wazi, walimu wenzangu wanapita na kuchungulia. Hakubisha hata neno. Alisema tu, "Nimesikia, mwalimu. Nitamnyoosha." Nami nikamshukuru kwa ushirikiano wake.

Kesho yake yule mtoto alikaa upande. Nusu ya makalio kitini, nusu hewani, mkono mmoja umeshikilia ukingo wa dawati. Akiinuka, anainuka kwa vituo kama mzee. Hakuvunja kitu siku hiyo wala wiki hiyo, na kwenye faili ikaandikwa kwamba shauri limekwisha. Mwezi haujatimia, akamtupia mwenzake chupa ya maji usoni.

Fomu ya pili niliijaza hadi chini. Kalamu ilipofika kwenye kisanduku cha nne ikasita. Malezi yapi? Yale aliyokuwa nayo kabla sijamwita baba yake, au yale niliyoyaagiza mimi?

Sisemi malezi hayana neno. Yana neno kubwa, na limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwanasaikolojia Diana Baumrind, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alianza katika miaka ya 1960 kuwatazama wazazi na watoto wao wa shule ya awali, akabainisha mitindo mitatu. Yupo mzazi wa amri: akisema amesema, mtoto haulizi kwa nini. Yupo mlegevu: upendo tele, mipaka hakuna, mtoto akikunja uso sheria inabadilika. Na yupo mzazi wa mwongozo, ambaye mipaka yake imesimama kama ya yule wa kwanza, lakini anaeleza sababu, anasikiliza, na mtoto anajua kwamba anapendwa hata siku aliyoboronga. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakayapanga hayo kwa vipimo viwili, mzazi anadai kiasi gani na anamwitikia mtoto kiasi gani, na hapo ukajitokeza mtindo wa nne: mzazi asiyedai wala kuitikia, aliyemwachia mtoto ulimwengu umlee.

Wengi wakisikia haya hudhani mwongozo ni katikati ya njia, yaani ukali kidogo na upole kidogo. Hata wenzangu kwenye chumba cha walimu husema hivyo. Lakini mzazi wa mwongozo anadai mengi, pengine kuliko yule mkali. "Simu inazimwa saa mbili usiku" inaweza kusemwa na wote wawili. Mmoja anaongeza "na ole wako" na kuondoka zake. Mwingine anabaki pale mlangoni asikie mtoto analalamikia nini, anamjibu, na saa mbili ikifika simu inazimwa vilevile.

Mwaka 2017 mtafiti wa Ujerumani, Martin Pinquart, alichapisha majumuisho mawili makubwa. Moja lilikusanya tafiti zaidi ya 1,400 kuhusu matatizo yanayotokea nje: ugomvi, ukaidi, uharibifu, uvunjaji wa sheria. La pili lilikusanya tafiti zaidi ya 1,000 kuhusu yale yanayojifungia ndani: wasiwasi, huzuni, kujitenga. Ukali wa kuumiza na kumbana mtoto kisaikolojia vilikwenda pamoja na matatizo mengi zaidi. Upendo, mipaka iliyo wazi na kumwachia mtoto nafasi ya kujiamulia vilikwenda pamoja na machache. Mpaka hapo, mtasema, mwalimu ametupa ushahidi wa kisanduku chetu.

Ila ndani ya kazi hiyohiyo kuna mambo mawili ambayo sijayasikia hata siku moja mkiwa jukwaani. La kwanza, uhusiano huo upo lakini ni mdogo. Mtindo wa malezi unaeleza kipande cha tabia ya mtoto, na kipande kikubwa kinabaki hakijaelezwa. La pili, uhusiano unakwenda pande zote mbili. Malezi ya leo yanatabiri tabia ya kesho, na tabia ya leo nayo inatabiri malezi ya kesho. Mtoto msumbufu humchosha mzazi, na mzazi aliyechoka hufoka. Richard Bell aliwakumbusha wenzake jambo hili tangu mwaka 1968, na kabla yake Alexander Thomas na Stella Chess, waliokuwa wameanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto jijini New York tangu uchanga, walishaona kwamba watoto huja na hulka zao. Yupo anayelala kwa ratiba na yupo anayepiga kelele akiguswa na nguo mpya. Mama ni huyohuyo.

Gerald Patterson, aliyefanya kazi Oregon, Marekani, alikwenda mbali zaidi. Yeye na wenzake waliingia majumbani na kuandika nani kasema nini na nani kajibu nini, hatua kwa hatua. Waliyoyaona nayaona kwangu jioni. Namwambia mwanangu akaoge. "Nakuja." Baada ya robo saa narudia, sauti imepanda. "Si nimesema nakuja!" Narudia tena, sasa na jina lake kamili. Anabamiza mlango. Hapo kuna njia mbili na zote mbovu. Nikisema "haya, lala na uchafu wako," nimenunua utulivu wangu, na yeye amejifunza kwamba kubamiza mlango kunalipa. Nikimfuata na kandambili, akaenda kuoga huku analia, mimi ndiye niliyejifunza kwamba kandambili inalipa. Kesho tunaanzia pale tulipoishia leo, ngazi moja juu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Patterson alieleza kwamba kila mmoja anamfundisha mwenzake ubaya bila kujua, na mtoto akishazoea mchezo huo nyumbani anaubeba hadi shuleni.

Sasa nikiwekewa fomu mbele yangu baada ya jioni kama hiyo, niweke alama wapi?

Nyinyi jukwaani mna methali yenu. Kila siku ya wazazi, kila ufunguzi wa semina, mgeni rasmi lazima aitamke: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wanaitikia kwa vichwa. Mimi ni mwalimu wa lugha, na nimewahi kusimama darasani nikachambua kitenzi hicho. "Umleavyo." Hiyo *u* ya mwanzo ni nafsi ya pili, umoja. Inamlenga mtu mmoja tu, na kwa kawaida ni yule mama aliyekaa safu ya nyuma. Ningependa siku moja mgeni rasmi aseme "mumleavyo", halafu ajihesabu na yeye.

Nitalirudia hilo. Kwanza nawaomba mkae kidogo na mtoto mwingine, ambaye sikuwahi kumjazia fomu yoyote.

Alikuwa na miaka 10, wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo. Mwandiko utadhani umechapwa. Nilizoea kuinua daftari lake mbele ya wenzake na kusema, laiti wote mngekuwa hivi. Siku moja nasahihisha, kidole changu kikagusa uvimbe nyuma ya karatasi. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na tundu. Alikuwa amefuta jibu moja mara nyingi hadi karatasi ikatoboka, akakata kipande kutoka ukurasa wa mwisho, akakibandika nyuma kwa gundi, akakilainisha kwa ukucha kisionekane, kisha akaandika jibu upya. Chini ya kiraka bado yalionekana mabaki ya jibu la mwanzo. Ni lilelile. Tangu mwanzo alikuwa amepata.

Mama yake alikuja siku ya wazazi na kuniambia kwa fahari kwamba hajawahi kumpiga huyu mtoto hata kofi. "Akiniangusha nanyamaza tu. Siku mbili, tatu. Anajua mwenyewe." Na ilikuwa kweli. Siku nyingine mtoto mwenyewe, tukiwa stoo tunahesabu vitabu, alinieleza kana kwamba anasimulia hali ya hewa: akiwa wa pili, nyumba nzima inanuna. Anaosha vyombo kabla hajaambiwa. Anatembea kwa vidole ili asisikike. Anasubiri mama aseme jina lake, akilisema basi imekwisha.

Kumsusa mtoto, kumsimanga kwa yale uliyomfanyia, kumwonyesha kwamba upendo una masharti: wataalamu wanaita udhibiti wa kisaikolojia. Brian Barber aliandika mwaka 1996 kuwakumbusha watafiti wautenge na udhibiti wa kawaida wa tabia. Sheria ya kurudi nyumbani kabla ya giza inagusa anachofanya mtoto. Kununa kunagusa anachokihisi na anavyojiona. Udhibiti huo unakwenda pamoja na wasiwasi na huzuni, na ubaya wake ni kwamba hauachi alama ambayo mwalimu anaweza kuiona mtoto akiinuka kitini. Nyumba inaweza kuwa haina fimbo hata moja na bado mtoto anaishi kwa kunyata.

Thomas Achenbach aliyagawa matatizo ya watoto katika mafungu hayo mawili, ya nje na ya ndani, mwaka 1966. Fomu yenu bado iko kwenye fungu moja. Inauliza "alichofanya". Binti huyu hakufanya kitu. Anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, anakwenda chooni mara tatu kabla ya jaribio, na mwisho wa muhula anapewa zawadi. Nilimpa mimi mwenyewe, na nilipiga makofi.

Mtaniuliza kwa nini nang'ang'ania miaka 9 hadi 12. Kwa sababu ndiyo miaka mliyoiruka. Mtoto mchanga ana kadi yake ya kliniki, anapimwa uzito, anachomwa chanjo, mama anaulizwa analalaje. Kijana aliyeota ndevu ana semina zenu za balehe, za dawa za kulevya, za mimba. Huyu wa katikati ana mitihani. Anaonekana ametulia, meno yameota, shule anakwenda mwenyewe, basi kila mtu anapumua. Lakini mwili wake haujatulia. Tezi za adrenali huanza kuongeza homoni zake karibu na umri wa miaka 6 hadi 8, kabla ya dalili yoyote ya nje, na wasichana wengi wakifika miaka 10 balehe imeshapiga hodi. Akilini ameanza kujipima na wenzake. Anataka kujua kwa nini. Anamkamata mzazi akijipinga. "Kwa sababu nimesema" ilimtosha akiwa na miaka 5. Sasa inamtia hasira, au inamnyamazisha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kati ya watu waliowahi kupata tatizo la afya ya akili maishani, nusu lilikuwa limewaanza kufikia miaka 14. Semina zenu zinafika wageni wakiwa wameshakaa.

Nina ugomvi mwingine na nyinyi, kuhusu bango lile la "Mzazi, mfuatilie mwanao". Ni kweli kwamba watoto ambao wazazi wao wanajua wako wapi na wako na nani huwa na matatizo machache. Lakini Håkan Stattin na Margaret Kerr, wakichunguza vijana wa miaka 14 nchini Uswidi, waliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitilia maanani: wazazi wanaojua, wanajuaje? Majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba wanajua hasa kwa sababu mtoto amewaambia kwa hiari yake. Kupeleleza na kuhoji kulichangia kidogo. Mzazi anayekagua simu usiku wa manane anapata alichosahau mtoto kufuta, basi. Anayejua mengi ni yule ambaye mtoto, wakati anatafuta soksi, anamwambia "mama, leo fulani kafanya hivi," na mama hakuanza mahubiri. Mazoea hayo hayaanzi kwenye miaka 14. Wanangu wote wawili wakubwa waliamua kati ya miaka 9 na 12 nitaambiwa nini na sitaambiwa nini, na mmoja, kwa kosa langu, aliamua vibaya.

Narudi kwenye ile *u*.

Katika miaka ya 1980 wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, walipigwa na mgogoro wa madeni na kuporomoka kwa thamani ya mashamba. Rand Conger na wenzake walizifuatilia familia za huko, wakiwa na watoto wa darasa la saba. Walichora njia yote. Pesa inapungua, bili hazilipiki. Mzazi anaingiwa na huzuni na hasira. Mume na mke wanagombana. Malezi yanakuwa makali na yasiyotabirika, leo adhabu kwa kosa ambalo jana lilichekewa. Mwishoni mwa njia hiyo yupo mtoto, na yeye ndiye anayeonekana. Mwalimu akimkuta pale mwishoni na fomu mkononi, ataandika "malezi", na hatakuwa amedanganya. Atakuwa ameandika jina la kituo cha mwisho.

Baba wa yule mvulana alikuja na nguo za kazi kwa sababu ile saa moja na nusu niliyomkalisha ilikatwa kwenye ujira wake. Nililijua hilo miezi kadhaa baadaye, kwa bahati. Alinyoosha mtoto akiwa na deni, aibu na usingizi wa saa nne. Kuhusu deni na usingizi sina la kufanya. Nyinyi mnalo. Ratiba za kazi, likizo za wazazi, nyumba, matibabu ya huzuni ya mama aliyejifungua, vyote viko mezani kwenu, na vyote ni malezi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu kila nchi duniani imeuridhia, unasema katika ibara ya 18 kwamba wazazi ndio wenye jukumu la kwanza la kumlea mtoto. Sentensi hiyo mnaipenda. Aya inayofuata, katika ibara ileile, inazitaka serikali ziwape wazazi msaada unaofaa katika kazi hiyo ya kulea.

Kuhusu fimbo nitakuwa mfupi, kwa kuwa mjadala huu unanichosha. "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Nami nilichapwa. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, mwaka 2016, walikusanya tafiti za watoto zaidi ya 160,000 kuhusu kuchapwa makalioni, wakakuta inaambatana na ukorofi zaidi, wasiwasi zaidi na uhusiano mbaya zaidi na mzazi. Mtasema kwetu ni desturi, haina madhara. Jennifer Lansford na wenzake waliliangalia hilo mwaka 2005 katika nchi sita, zikiwemo Kenya, India na Italia. Pale ambapo kuchapa ni jambo la kawaida uhusiano na ukorofi na wasiwasi ulikuwa mwepesi zaidi, lakini haukufutika. Uswidi iliipiga marufuku mwaka 1979, nchi zaidi ya 60 zimefuata. Mwalimu mwenye fimbo mkononi hawezi kumfundisha mzazi kuweka ya kwake chini, na fimbo za walimu ziko chini ya sahihi yenu.

Basi naomba nini?

Naomba kwanza msiwaongezee wazazi hotuba. Vikundi vya kuwafunza wazazi vipo, na mipango yake imepimwa: ule wa Carolyn Webster-Stratton kule Marekani, ule wa Matthew Sanders kule Australia, na mingine iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo na kutolewa bure. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu malezi mwaka 2023, nalo linapendekeza programu za namna hiyo. Wazazi hukutana kwa wiki kadhaa, kundi dogo, na wanafanya mazoezi. Mmoja anakuwa mtoto anayekataa kuoga, mwingine anakuwa mama, wanacheka, wanarudia. Wanajifunza kutoa amri moja fupi badala ya tano. Wanajifunza kumsifia mtoto kwa jambo mahususi alilofanya vizuri, kitu ambacho nilidhani ni cha kitoto hadi nilipokijaribu kwangu. Lipieni hivyo. Na viwekwe saa ambazo mtu mwenye zamu anaweza kufika, na bibi anayelea wajukuu akaribishwe, na baba asiitwe "mgeni wetu leo".

Naomba mtupe njia ya kuwaona watoto wa aina ya yule binti. Lipo dodoso la Robert Goodman la mwaka 1997, maswali 25, dakika kama tano, mzazi anajaza na mwalimu anajaza. Linauliza ugomvi na linauliza wasiwasi, linauliza hata wema wa mtoto kwa wenzake. Ila msilete dodoso kabla hamjaleta mtu wa kumpokea mtoto. Mnasihi mmoja kwa watoto elfu moja na zaidi ni jina kwenye orodha. Kumgundua mtoto kisha kumrudisha darasani na karatasi ni kumwonea mara ya pili.

Naomba barua ya wito isiwe ndiyo salamu yetu ya kwanza na mzazi. Mwaka jana nilijaribu, bila kuomba ruhusa ya mtu: kila Ijumaa nawapigia simu wazazi wawili kuwaambia jambo moja zuri nililoliona. Dakika tatu kila mmoja. Wengine waliponisikia walianza kwa "amefanya nini tena?" na nilipowaambia, kukawa na kimya kirefu upande wa pili. Mama mmoja aliniuliza kama nimekosea namba. Mwaka huu nilipolazimika kumwita mmoja wao kwa jambo baya, alikaa, akaniambia mambo ya nyumbani ambayo fomu yenu isingeyapata, na tukapanga pamoja. Nilikuwa nimemwekea kiti cha mtu mzima, na mlango nilikuwa nimeufunga.

Na naomba mkifute kile kisanduku. Chini ya neno "Chanzo" acheni mistari mitupu, minne kama ile ya juu, na swali: nyumbani kuna nini, shuleni kuna nini, na wewe mwalimu umefanya nini mpaka sasa? Hilo la tatu wenzangu watalichukia. Nilijaribu kulijibu kwa yule mvulana na ilinichukua jioni nzima.

Muhula huu nimejaza fomu tatu. Zote nimezituma bila alama ya vema, nikiwa nimebandika karatasi nyingine nyuma yenye maelezo. Mbili zimerudi zimegongwa muhuri "haijakamilika". Nimezituma tena jana, vilevile.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la sita